Kabla Hujapandisha Ghorofa: Ukuta wa Tofali Unabeba Kiasi Gani?

Viwanja vya Dar es Salaam haviongezeki, familia zinaongezeka, na mpangaji wa chumba kimoja hakosekani. Kwa hiyo nyumba nyingi za chini, zilizojengwa kwa tofali za saruji miaka ya tisini na elfu mbili, sasa zinaangaliwa na wenyewe kwa jicho la ghorofa. Fundi huitwa, huzunguka nyumba, hugonga ukuta kwa kiganja, huchungulia pembe kutafuta nyufa. Kisha hutoa jibu ambalo wengi wamelisikia: nyumba hii imesimama miaka ishirini bila ufa, itabeba tu.

Jibu hilo lina mantiki inayovutia, na ndiyo hatari yake. Ukuta uliosimama miaka ishirini umethibitisha kwamba unabeba mzigo ulionao. Kuhusu mzigo ambao haujawahi kuwekewa, haujathibitisha lolote. Ukifanya hesabu kidogo utaona kwamba nyumba ya chini huziomba tofali zake nguvu ndogo kiasi kwamba tofali mbovu na tofali nzuri husimama bega kwa bega, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho.

Chukua ukuta wa tofali la inchi sita lililosimamishwa, wenye unene wa milimita 150 na kimo cha mita 3. Mita ya ujazo ya tofali la saruji na mchanga ina uzito wa karibu tani 2, hivyo kila mita moja ya urefu wa ukuta huo ina kilo 900. Lipu ya pande zote mbili huongeza kilo 180 hivi. Paa la mbao na bati likigawanywa juu ya kuta zake huleta kilo 200 nyingine, zaidi au pungufu kulingana na upana wa nyumba. Kwa hiyo kozi ya chini kabisa inabeba karibu tani 1.3 kwa kila mita.

Sasa tazama upande wa pili. Nguvu ya tofali hupimwa kwa niutoni kwa kila milimita ya mraba, na niutoni 10 ni sawa na uzito wa kilo moja hivi. Kwenye ukuta wenye unene wa milimita 150, kila niutoni 1 kwa milimita ya mraba ni tani 15 kwa mita. Tofali la niutoni 2 ni dhaifu. Mwongozo rasmi wa Uingereza kwa nyumba ndogo huanzia niutoni 2.9. Hata hivyo, tofali hilo dhaifu likibanwa peke yake lingehitaji kama tani 30 kwa mita ili lisagike. Nyumba ya chini inalipa tani 1.3, ambayo ni sehemu moja kati ya ishirini na tatu. Ndiyo sababu nyumba zetu za chini zinasimama, na ndiyo sababu kusimama kwake hakutuambii kitu kuhusu ghorofa.

Udhaifu wa tofali huanzia pale linapofyatuliwa. Anayenunua tofali barabarani huuliza bei, na ni mara chache anauliza mfuko mmoja umetoa tofali ngapi. Hilo ndilo swali la kwanza kwa yeyote anayetaka kujua nguvu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Tofali la inchi sita, lenye urefu wa milimita 450 na kimo cha 230, lina lita 15 na nusu. Mfyatuaji akitoa tofali 35 kwa mfuko, ametengeneza zaidi ya lita 540 za tofali kutoka kwenye lita 35 za saruji. Hata bila kuingia maabara, unaona kwamba saruji imetandazwa nyembamba mno kwenye mchanga. Akitoa tofali 16 au 18 kwa mfuko, tunazungumzia kitu kingine kabisa, na bei yake itakuwa kubwa kwa haki.

Halafu kuna maji na siku. Tofali lililofyatuliwa asubuhi na kuachwa juani bila kumwagiliwa hupoteza maji ambayo saruji ilikuwa bado inayahitaji ili ishikamane. Nguvu inayoandikwa kwenye vitabu ni ya siku 28, na saruji ya daraja la 32.5, ambayo wafyatuaji wengi huitumia kwa sababu ya bei, hukomaa polepole kuliko ile ya 42.5. Tofali linalopakiwa kwenye lori likiwa na siku tatu bado ni bichi. Likijengwa halafu likaachwa kavu, halitafika popote. Mchanga nao una neno lake: ukiwa na udongo mwingi, vumbi lile laini huzunguka punje na kuizuia saruji isizishike. Ukiwa mchanga wa pwani wenye chumvi, tatizo halionekani leo, litaonekana baada ya miaka.

Watu wengi, na baadhi ya mafundi pia, huishia hapo: nguvu ya ukuta ni nguvu ya tofali. Hapana. Ukuta ni tofali pamoja na mota inayolishika, na vitu hivyo viwili vikibanwa pamoja havitendi sawa. Mota ni laini kuliko tofali. Ikikandamizwa kutoka juu inataka kutanuka kuelekea pembeni, na tofali lililoishikilia huizuia. Kwa kuizuia, tofali lenyewe huvutwa kutoka pande mbili, na kitu cha saruji bila nondo hakipendi kuvutwa. Ndiyo maana ukuta uliozidiwa hauanzi kwa kusagika. Huanza kwa kupasuka wima, nyufa nyembamba zinazokata katikati ya tofali zenyewe, na hutokea mapema sana kabla ya mzigo ambao ungevunja tofali moja lililobanwa peke yake kwenye mashine.

Kanuni ya Ulaya ya kuta za tofali, Eurocode 6, huliweka jambo hili kwenye mlinganyo ambao kila mwenye nyumba anaweza kuufaidi bila kuukokotoa. Nguvu ya ukuta hukua kwa nguvu ya tofali iliyopandishwa kwenye kipeo cha 0.7, na kwa nguvu ya mota kwenye kipeo cha 0.3. Maana yake ni kwamba ukizidisha nguvu ya tofali mara mbili, ukuta huongezeka kwa asilimia 62. Ukizidisha nguvu ya mota mara mbili, ukuta huongezeka kwa asilimia 23 tu. Kwa hiyo fundi anayesema tofali si zuri lakini tutajenga kwa mota kali, anaweka fedha mahali pasipolipa. Mota pia inataka kuwa nyembamba, milimita 10 hivi. Tofali zilizopinda hulazimisha fundi kujaza mota ya milimita 30 ili kozi inyooke, na kila milimita ya ziada ni mota zaidi inayotanuka na kulipasua tofali.

Kutoka kwenye tofali na mota tunafika kwenye umbo, na hapa ndipo uwezo mwingi hupotea bila mtu kujua. Mwaka 1744 Leonhard Euler alionyesha kwamba kitu chembamba kirefu kinachobanwa hupinda kabla hakijasagika. Ukuta unafuata sheria hiyohiyo. Wahandisi hugawanya kimo cha ukuta kwa unene wake, na kanuni za Uingereza na za Ulaya zote hukataa ukuta unaozidi 27. Lakini adhabu huanza mapema sana. Kwa jedwali la kanuni ya zamani ya Uingereza, BS 5628, ambayo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki waliisomea, ukuta wenye uwiano wa 10 hubaki na asilimia 97 ya nguvu yake. Ukifika 20 unabaki na 70. Ukifika 24 ni 53 tu. Na hizo ni namba za mzigo uliokaa vizuri katikati.

Tofali la inchi sita likisimamishwa kwenye ukuta wa mita 3 linatoa 20. Tofali la inchi tano, ambalo limekuwa la kawaida kwa sababu ni rahisi zaidi, linatoa 24. Tofali lilelile la inchi sita likilazwa linatoa unene wa milimita 230, na uwiano unashuka mpaka 13. Ukuta wa kulaza huweza kubeba karibu mara mbili ya ukuta wa kusimamisha wa tofali hilohilo, ingawa wenyewe ni mzito zaidi na hula tofali nyingi. Mafundi wa zamani walioshikilia kwamba kuta za nje zilazwe walikuwa na hoja, hata kama hawakuwahi kusikia jina la Euler.

Slabu ya zege ikikaa vizuri juu ya ukuta hushika kichwa chake kisiyumbe, na kanuni huruhusu kimo kihesabiwe robo tatu. Kuta zinazokatana na kufungamana kwa meno pia husaidia. Ukuta mrefu wa sebule kubwa isiyo na ukuta wa kukatiza hauna msaada huo, na dari ya mbao iliyopigiliwa kwa misumari haimsaidii mtu.

Historia ya unene inaonyesha jinsi watu walivyojua jambo hili kabla ya hesabu. Jengo la Monadnock la Chicago, lililokamilika mwaka 1891, lilipanda ghorofa 16 kwa kuta za tofali za kuchoma, na chini kuta hizo zilihitaji unene wa karibu mita 1.8. Kwetu, nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, vitu laini vyote viwili, na wajenzi wakalipa kwa unene wa nusu mita na zaidi. Boriti za mikoko za mita mbili na nusu au tatu ziliamua upana wa chumba, na hivyo kila ukuta ulipokea mzigo wa sakafu ndogo. Unene mkubwa, upana mdogo wa vyumba: huo ulikuwa mfumo kamili, kila sehemu ikiihurumia nyingine. Tatizo la nyumba ya leo ya inchi tano ni kwamba imechukua vyumba vipana vya zege la kisasa ikaviweka juu ya ukuta mwembamba kuliko wowote waliothubutu wazee, kwa tofali lisilopimwa.

Kwamba ukuta mwembamba unaweza kubeba mengi, hilo halina ubishi. Uswisi, katika miaka ya 1950, baada ya majaribio mengi ya maabara, ilijenga maghorofa marefu ya Zurich kwa kuta za tofali ambazo unene wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya zile za Chicago. Walifika huko kwa sababu kila tofali lilitoka kiwandani likiwa na nguvu inayojulikana. Wembamba unaruhusiwa pale ambapo ubora umehakikishwa. Sisi tumechukua wembamba na kuuacha uhakika.

Kuna jambo jingine linalokula uwezo kimyakimya: mahali mzigo unapokaa. Mzigo uliokaa katikati ya unene hubana ukuta mzima sawasawa. Ukisogea pembeni, upande mmoja hubanwa kupita kiasi na wa pili hulegea. Sogea kwa sehemu moja ya kumi ya unene, yaani milimita 15 tu kwenye ukuta wa inchi sita, na hata ukuta mfupi hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Sogea kwa moja ya tano na theluthi imekwenda. Milimita 30 si kitu. Ni ukuta uliotoka timazi kidogo kati ya chini na juu, au slabu iliyoegemezwa kwenye ukingo wa ndani tu kwa kuwa upande wa nje uliachiwa lipu nzuri, au ukuta wa juu usiokaa sawa juu ya ule wa chini. Timazi ni chombo cha bei ndogo kuliko vyote vilivyopo kwenye ujenzi, na kwa maoni yangu hakuna kinachookoa nguvu nyingi zaidi kuliko hicho.

Basi tupandishe ghorofa kwa hesabu kabla ya kupandisha kwa zege. Tuseme ni ukuta wa ndani wa inchi sita, vyumba vya mita 4 kila upande. Slabu ya milimita 150 ina uzito wa karibu kilo 375 kwa mita ya mraba. Ongeza sakafu ya vigae, lipu ya chini, kuta ndogo za kugawa, watu na vyombo, unafika kilo 650 hivi. Ukuta wetu unapokea nusu ya kila chumba, jumla mita 4, hivyo slabu pekee inaleta tani 2.6 kwa mita. Ukuta wa juu huleta tani 1.1, paa 0.2, na ukuta wa chini wenyewe 1.1. Jumla ni tani 5. Mzigo umepanda karibu mara nne, kwa ghorofa moja tu.

Na uwezo? Tofali la niutoni 2 na mota ya kawaida hutoa ukuta wa niutoni 1.3 hivi, yaani tani 20 kwa mita. Ondoa adhabu ya wembamba na ya mzigo kukaa pembeni kidogo, tunabaki na tani 13. Tani 13 dhidi ya 5 zinaonekana zinatosha, na mwenye nyumba anaweza kupumua. Lakini mhandisi hafanyi hivyo. Yeye anagawanya nguvu ya ukuta kwa 3 hivi, kwa sababu hajui tofali zote, na anauzidisha mzigo kwa kiasi cha 1.4, kwa sababu hajui matumizi yote. Kwa hesabu yake ukuta una tani 4.3 na unadaiwa 7. Umeshindwa, na umeshindwa kwa mbali. Tofali la niutoni 5 lililojengwa kwa mota nzuri, kwa umbo lilelile, lingetoa karibu tani 10 kwa hesabu hiyohiyo ya tahadhari, na ghorofa lingepita.

Wapo wanaodhani kigawanyo hicho cha 3 ni woga wa watu wa vitabu. Nawaomba wafuate hesabu hii. Fundi umeme anakuja kupitisha mabomba ya waya. Badala ya kushuka wima kutoka darini, anachimba mfereji wa kwenda mlalo kutoka swichi hadi swichi, kina cha milimita 30. Unene umebaki 120. Lakini mzigo bado unashuka kwenye mstari wa katikati ya zamani, ambao sasa uko pembeni kwa milimita 15. Ukichanganya mambo hayo mawili, ukuta kwenye mstari ule umebaki na asilimia 60 ya nguvu zake. Tani 13 zimekuwa 7.8. Sasa tuseme lori moja kati ya yale yaliyoleta tofali lilikuwa la mfyatuaji aliyebana saruji, na tofali zake ni niutoni 1 badala ya 2. Ukuta hushuka tena kwa asilimia 38. Tumefika tani 4.8, na mzigo ni 5. Hatujataja tetemeko, wala mafuriko, wala uhalifu wa mtu yeyote. Ni mfereji mmoja na lori moja. Mwongozo wa Uingereza unaruhusu mfereji wa mlalo usiozidi moja ya sita ya unene, ambao kwa inchi sita ni milimita 25, na wa wima usiozidi theluthi. Sheria hiyo ingestahili kubandikwa kwenye kila kituo kinachofundisha ufundi umeme.

Biashara nayo imeleta hatari yake. Nyumba inayotazama barabara ina thamani kubwa ikiwa na fremu za maduka, hivyo ukuta wa mbele hutobolewa ili kuweka milango ya mita 2.4, na kati ya mlango na mlango hubakizwa kipande cha sentimita 60. Kipande hicho kinachukua mzigo wa mita 3 nzima. Kila tani 5 za ukuta sasa ni tani 25 zilizokusanyika kwa kipimo cha mita. Hapo hakuna tofali la mtaani linaloweza kusimama kwa hesabu yoyote, na kama lenta imeegemezwa kwa sentimita 10 kila upande, kona za kipande zitaanza kumomonyoka kwanza. Kuna watu wanaofanya hivi wakati familia imelala ghorofani.

Pwani tuna adui wa tatu, chumvi. Maji ya ardhini hupanda kwenye tofali lenye vinyweleo, hufika kimo cha goti au kiuno, hukauka, na chumvi inayobaki hukua ndani ya vinyweleo na kuifumua saruji. Ukuta huanza kutoa unga, lipu huvimba na kudondoka, mwenye nyumba hupiga lipu nyingine na rangi. Chini ya lipu mpya tofali linaendelea kuliwa, na pale ndipo penye mzigo mkubwa kuliko kote. Ukuta wa milimita 150 uliomomonyoka milimita 20 kila upande ni ukuta wa 110. Aina nyingine za kuta nazo maji huziua: ukuta wa matumbawe na chokaa unaodumu karne ukiwa mkavu hulegea ukiachwa uvujiwe. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilipoteza upande wake mmoja Desemba 25, 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa.

Tunayakumbuka maporomoko makubwa. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliua watu 36. Novemba 16, 2024 Kariakoo ilizika wengine. Nairobi, mtaa wa Huruma, Aprili 2016, ilipoteza makumi ya watu baada ya mvua kubwa. Hayo ni majengo makubwa, yenye nguzo na mihimili ya zege, na yana sababu zake. Nyumba ya ukuta wa tofali huanguka upande mmoja, usiku wa mvua, huua wawili au watatu, na gazeti huandika aya moja. Kwa sababu hiyo somo lake halijengeki, na kila fundi huanza upya.

Ukuta wenyewe huonya, mradi tu usome kwa usahihi. Ufa unaopanda kwa ngazi, ukifuata mota kutoka kozi hadi kozi, mara nyingi unasimulia msingi uliotitia upande mmoja. Ufa wa mshazari kwenye pembe ya dirisha husema lenta ni fupi au haipo. Ufa wa mlalo katikati ya kimo, pamoja na ukuta uliobetuka kidogo unapouchungulia kutoka pembeni, ni dalili ya wembamba kushindwa. Lakini wa kuogopwa kuliko wote ni ule niliokwisha kuutaja: nyufa nyembamba za wima, kadhaa kwa pamoja, zinazokata tofali zenyewe. Hizo zikionekana chini ya slabu mpya, watu watoke na slabu ikingwe kwa nguzo za muda kabla ya mazungumzo mengine.

Tathmini ya kweli huanza kwa kufuata mzigo, kutoka kwenye paa hadi ardhini. Kila slabu inaegemea wapi? Ukuta wa juu una ukuta chini yake, au umekaa juu ya slabu tupu? Kuta zipi zimetobolewa? Baada ya hapo ni unene halisi, lipu ikiwa imebanduliwa, na timazi kila mita mbili. Kisha tofali zitolewe ukutani, si zile zilizobaki uani, kwa sababu zile hazikubebeshwa wala kulowa. Kutoa tofali sita au nane kutoka sehemu mbalimbali, chini ya madirisha ambako mzigo ni mdogo, hakudhuru nyumba. Zinasawazishwa uso kwa saruji, zinabanwa kwenye mashine ya maabara ya chuo au ya serikali, na namba inapatikana. Namba ndogo kuliko zote ina uzito kuliko wastani. Kama tofali moja kati ya nane limevunjika kwa niutoni 0.9, ukutani kuna mahali penye mengine kama hilo.

Ile nyundo ya Schmidt inayodunda juu ya zege haitoi jibu la kuaminika kwenye tofali laini la mchanga, na kulidondosha tofali kutoka kiunoni kunakuambia tu lipi ni baya kuliko jingine. Kwa majengo yenye thamani ya urithi kuna njia ya mfuko bapa wa chuma: mota hukatwa, mfuko huingizwa, mafuta husukumwa ndani yake mpaka ukuta urudi ulipokuwa, na presha ya mafuta hutaja mkandamizo uliopo. Waitaliano waliikuza njia hiyo kwa ajili ya majumba yao ya kale, na ingefaa sana Mji Mkongwe.

Usisahau ardhi. Ukuta ukifaulu, msingi unaweza kushindwa. Tani 5 pamoja na ukuta wa msingi ni karibu tani 5.6 kwa mita, na mkanda wa msingi wa futi mbili huzipeleka ardhini kwa tani 9 na zaidi kwa mita ya mraba. Kwenye mchanga mkavu ulioshikamana si neno. Kwenye mfinyanzi wa bondeni unaolowa kila masika ni hatari, na shimo moja la kuchungulia msingi, kina cha mita moja, lingetoa jibu kwa asubuhi moja.

Na hesabu zote hizi ni za mzigo unaoshuka. Septemba 10, 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliipiga Bukoba, likaua watu zaidi ya 15 na kuharibu maelfu ya nyumba. Tetemeko halibani ukuta, linausukuma ubavuni, na tofali lisilofungwa kwa chochote halina jibu. Chile, tangu miaka ya 1930, ilijifunza kujenga ukuta kwanza ukiwa na meno kwenye pembe, kisha kumimina nguzo nyembamba na mkanda wa zege vinavyouma meno hayo na kuufunga ukuta pande zote. Kwetu nguzo za inchi sita zenye nondo nne hutumika sana, lakini mara nyingi husimamishwa kwanza na tofali hujazwa baadaye, bila meno, kwa hiyo zege na tofali havijawahi kushikana mikono. Kwa nyumba za Kagera na za kandokando ya Bonde la Ufa, mpangilio huo wa kazi peke yake, bila shilingi ya ziada, unaweza kutenganisha ukuta uliopasuka na ukuta uliomwangukia mtu.

Tathmini ikisema ukuta hautoshi, nyumba haijahukumiwa. Nguzo mpya za zege zinaweza kusimamishwa kandokando ya kuta, kila moja na kitako chake ardhini, zikabeba slabu moja kwa moja na kuuacha ukuta wa chini na mzigo usiozidi ule wake wa zamani wa tani 1.3. Hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi za inchi tano, maana haitegemei tofali ambazo hakuna aliyezifyatua kwa ajili ya ghorofa. Kama msingi ndio dhaifu, ghorofa jepesi la fremu ya chuma na sakafu ya mbao huleta chini ya nusu ya uzito wa lile la zege. Ukuta uliomomonyoka kwa chumvi hukatwa kipande kwa kipande, mita moja kwa wakati, huku slabu ikiwa imekingwa, na kujengwa upya kwa tofali lililopimwa juu ya tabaka la kuzuia maji. Yote hayo yanahitaji mhandisi aliyesajiliwa aweke sahihi kwenye mchoro na kibali cha halmashauri kabla lori la kwanza la kokoto halijamwaga mzigo wake mlangoni.